Kodi ya nyumba: mnabishania ipi?

Uzi kidogo, jameni. Kila mjadala wa kodi ya nyumba ukiwaka humu naona kambi mbili. Moja inasema landilodi ni tajiri anayekamua wapangaji, atozwe zaidi. Nyingine inasema serikali inammaliza mtu mdogo aliyejinyima mpaka akajenga rumu chache. Mimi nasomea sayansi ya siasa na kwetu ni Ekalakala, Machakos. Nikizitazama ploti za rumu kumi za soko kama letu, naona kambi zote mbili zimeruka hesabu. Lakini turudi nyuma kwanza.

Kiswahili chenyewe kinachangia hii vurugu. Kodi ni pesa mpangaji anampa mwenye nyumba, na kodi tena ni pesa serikali inachukua. Mwingereza alipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1901 hakuuliza mtu anapata nini. Alihesabu vibanda. Aliyevuna na aliyepigwa na ukame walidaiwa sawa, na asiye na rupia ilibidi aende akatafute kibarua. Kusukuma watu kwa mashamba ya walowezi ilikuwa sehemu ya mpango, hilo halikufichwa sana. Watu nao hawakuwa wajinga: familia zilijibana kwa kibanda kimoja ili zihesabiwe mara moja.

Mwaka 1959 serikali ikaingia kwa mlango mwingine, ikamshika mwenye nyumba mkono. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, ingali kwenye vitabu. Inahusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na mwenye nyumba hawezi kupandisha au kumfukuza mpangaji bila kufuata utaratibu wa baraza la kodi. Kipimo chake bado kinatazama kodi iliyokuwa ikilipwa tarehe 1 Januari 1981! Nairobi utatafuta sana rumu ya bei hiyo. Sheria imebaki inawagusa wenye rumu za bei ya chini kabisa, na wengi wao sijui kama wamewahi kuisikia.

Halafu ikaja hii tunayogombania. Kuanzia Januari 2016, mwenye nyumba za kupangisha alianza kulipa asilimia 10 ya kodi yote anayokusanya. Tangu 2021 inamhusu anayekusanya zaidi ya 288,000 hadi milioni 15 kwa mwaka, na Januari 2024 ikashuka hadi asilimia 7.5. Wanasiasa walishangilia hiyo punguzo kama mvua. Neno ambalo hawalitaji ni "yote". Hutoi riba ya mkopo, hutoi maji, hutoi mabati yaliyong'olewa na upepo.

Sasa hesabu, na hizi ni namba za mfano tu. Rumu kumi, kila moja 2,500. Zikijaa ni 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka, kwa hivyo uko ndani ya wavu. KRA inachukua 1,875. Tuseme ulijenga kwa mkopo wa milioni moja kwa riba ya asilimia 16. Riba peke yake ni kama 13,333 kwa mwezi, hata hujagusa deni lenyewe. Maji ya kununua kiangazi, keateka, kufuli, kunyonya choo: weka 4,000. Kabla ya kodi ya serikali umebaki na 7,667. Ukitoa 1,875 kutoka hapo, umetoa karibu robo ya faida yako.

Jirani alirithi ploti kama hiyo hiyo, hana mkopo. Faida yake ni 21,000, na analipa 1,875 ile ile. Kwake ni kama asilimia 9. Kwa hivyo ukiniuliza kama kodi hii inamkamua landilodi, nitakuuliza landilodi gani. Inambana aliyekopa na kumpapasa aliyerithi, na sioni kambi yoyote ikilisema hilo.

Rumu mbili zikibaki tupu mwaka mzima, unashuka chini ya 288,000 na ile asilimia 7.5 haikuhusu tena, lakini mkononi unabaki na 2,667. Rumu tatu tupu, ni shilingi 167. Ndiyo maana landilodi wa soko dogo anamvumilia mpangaji mwenye deni la miezi miwili. Huruma ipo, lakini pia anajua rumu tupu haimlipi mtu.

Kuna mlango ambao hautangazwi majukwaani. Sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna kwamba hutaki kutozwa kwa mtindo huu, ukatozwa kwa faida kama biashara nyingine. Kwa yule mwenye mkopo, kama hana mapato mengine, 7,667 kwa kiwango cha kwanza cha asilimia 10 ni 767, na nafuu ya 2,400 inayopewa kila mlipaji kwa mwezi inaimeza yote. Analipa sufuri. Ila lazima awe na risiti ya kila kitu, hata ya fundi na ya maji. Na kama ni mwalimu mwenye mshahara, ile faida inapandishwa juu ya mshahara, inaingia viwango vya juu, na pengine 7.5 ikawa nafuu kwake.

Mwenye ploti akisoma hii, swali langu: nani huko kwenu huandika risiti za maji?