Kushindwa kuanza kwa seva katika Linux

Kushindwa kuanza kwa seva ni hali ambapo programu inayohudumia kompyuta nyingine, kama vile seva ya wavuti au ya hifadhidata, inaamriwa kuanza kazi lakini haianzi, au inaanza na kuzimika baada ya muda mfupi. Makala hii inahusu hali hiyo katika kompyuta zinazotumia mfumo wa uendeshaji wa Linux. Mifano ya programu za aina hiyo ni Apache na Nginx kwa tovuti, MariaDB, MySQL na PostgreSQL kwa hifadhidata, na OpenSSH kwa kuingia katika kompyuta kutoka mbali.

Mara nyingi kompyuta yenyewe huwa nzima. Programu imekagua mazingira yake, imekuta jambo moja haliko sawa, imeandika sababu na kujizima. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimamizi ni kusoma sababu hiyo kabla ya kubadilisha kitu chochote. Tiba za kubahatisha zinaweza kugeuza tatizo dogo kuwa upotevu wa data.

## Jinsi seva inavyoanzishwa

Kerneli ya Linux inapowaka huanzisha mchakato mmoja wenye namba 1, na mchakato huo ndio huanzisha huduma nyingine zote. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mfumo wa init uliorithiwa kutoka Unix System V, ukitumia hati za amri zilizowekwa katika saraka ya `/etc/init.d`. Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walianzisha systemd. Fedora iliifanya kuwa mfumo wake wa kawaida mwaka 2011, na Debian na Ubuntu zikafuata mwaka 2015. Leo inatumika katika matoleo mengi makubwa ya Linux, ingawa si yote.

Msimamizi anapotoa amri ya `systemctl start nginx`, systemd husoma faili la huduma hiyo. Faili hilo linaeleza ni programu ipi iendeshwe, kwa jina la mtumiaji yupi na baada ya huduma zipi. Kisha programu yenyewe husoma usanidi wake, hufungua mafaili inayoyahitaji na kushika poti ya mtandao. Kushindwa kunaweza kutokea katika hatua yoyote kati ya hizo.

Hali hii isichanganywe na ile ya huduma ambayo haijapangwa kuanza yenyewe kompyuta inapowashwa. Amri ya `start` huanzisha huduma sasa hivi tu, na `enable` huipanga ianze kila kompyuta inapowaka. Huduma iliyokosa `enable` haina hitilafu: haikuamriwa kuanza.

## Kutafuta sababu

Utaratibu wa kawaida una hatua hizi:

1. `systemctl status` pamoja na jina la huduma huonyesha hali yake, namna ilivyozimika na mistari michache ya mwisho ya kumbukumbu za matukio.
2. `journalctl -u` pamoja na jina la huduma huonyesha kumbukumbu zote za huduma hiyo. Ikiongezwa `-b`, huonyesha zile za tangu kompyuta ilipowashwa tu.
3. Baadhi ya programu huandika pia katika mafaili yao wenyewe, hasa ndani ya saraka ya `/var/log`.
4. Programu nyingi zina amri ya kukagua usanidi bila kuanzisha huduma: `apachectl configtest` kwa Apache, `nginx -t` kwa Nginx na `sshd -t` kwa OpenSSH.

Katika kusoma kumbukumbu, kosa la kwanza ndilo muhimu. Yanayofuata mara nyingi ni matokeo yake. Mfano ni ujumbe wa `Start request repeated too quickly`. Maana yake ni kwamba huduma imejaribu kuanza mara nyingi kwa muda mfupi, na systemd imeacha kuijaribu tena. Kwa kawaida kikomo ni mara 5 ndani ya sekunde 10. Ujumbe huo hauelezi chanzo. Chanzo kiko mistari kadhaa juu yake. Kikishaondolewa, `systemctl reset-failed` hufuta hesabu hiyo ya majaribio.

Pale ambapo systemd yenyewe imeshindwa kuandaa mazingira ya programu, hutoa namba maalumu:

- 200/CHDIR: saraka ya kufanyia kazi haipo au haiingiliki.
- 203/EXEC: programu haikuweza kuendeshwa, kwa mfano njia yake imeandikwa vibaya au faili halina ruhusa ya kuendeshwa.
- 217/USER: mtumiaji aliyetajwa katika faili la huduma hayupo.

## Sababu za kawaida

### Kosa katika usanidi

Nukta-mkato iliyosahauliwa, mabano yasiyofungwa au jina la faili lisilokuwepo hutosha kuzuia seva kuanza. Amri za ukaguzi zilizotajwa juu hutaja faili na namba ya mstari wenye kosa. Wakati mwingine kosa halisi liko mstari mmoja kabla, kwa sababu programu hugundua nukta-mkato iliyokosekana pale tu inapofika kwenye neno linalofuata.

Kwa tovuti zenye HTTPS, Apache na Nginx hukataa kuanza ikiwa faili la cheti halipo au ufunguo wa siri haulingani na cheti. Cheti kilichokwisha muda ni jambo tofauti: kwa kawaida seva huanza, ila vivinjari vya wageni hutoa onyo.

### Poti inayotumika tayari

Kwa kawaida programu mbili haziwezi kusikiliza poti moja katika anwani moja. Seva za wavuti hutumia poti 80 na 443, MySQL na MariaDB hutumia 3306, na PostgreSQL 5432. Tatizo hili hutokea mara kwa mara pale Apache na Nginx zinapowekwa katika kompyuta moja, kwa kuwa zote hutaka poti 80. Ujumbe wake ni `Address already in use`, ukiambatana na namba 98. Amri ya `ss -ltnp`, ikitolewa kwa mamlaka ya root, huonyesha ni mchakato upi ulioshika poti.

Namba 99 inafanana na hiyo kwa sura lakini ina maana nyingine: anwani ya IP iliyoandikwa katika usanidi haipo katika kompyuta hiyo, au mtandao haujawa tayari huduma inapoanza.

### Ruhusa

Ujumbe wa `Permission denied`, wenye namba 13, unaonyesha kwamba programu imezuiwa kufungua faili au poti. Poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida huhitaji mamlaka ya root au idhini maalumu ya kerneli. Katika Fedora na Red Hat Enterprise Linux, kizuizi kinaweza kutoka SELinux hata kama ruhusa za kawaida za faili ni sahihi. Katika Ubuntu kazi kama hiyo hufanywa na AppArmor.

### Diski au RAM kuisha

Diski ikijaa, hifadhidata haiwezi kuandika data zake na seva inaweza kukataa kuanza. Nafasi hukaguliwa kwa `df -h`. Diski inaweza pia kuonekana ina nafasi huku inodi zake zimekwisha kwa wingi wa mafaili madogo, na hilo hukaguliwa kwa `df -i`. RAM ikiisha, kerneli huchagua mchakato na kuuua kwa ishara namba 9. Programu iliyouawa hivyo haipati nafasi ya kuandika sababu yoyote, hivyo habari hutafutwa katika kumbukumbu za kerneli kwa `journalctl -k`.

### Masasisho

Baada ya sasisho, maktaba inayohitajika inaweza kuwa imeondolewa, au agizo la usanidi kufutwa katika toleo jipya. Katika PostgreSQL, data za toleo kubwa moja hazifunguliwi na toleo kubwa jingine: seva ya toleo la 15 hukataa data za toleo la 14 hadi zihamishwe, kwa mfano kwa kutumia `pg_upgrade`.

## Tiba zenye hatari

Baadhi ya hatua huonekana kusaidia lakini huongeza madhara:

- Kufungua ruhusa zote kwa `chmod -R 777`. PostgreSQL hukataa kuanza ikiwa saraka yake ya data iko wazi kwa watu wote, na OpenSSH hukataa kutumia funguo za siri zinazosomeka na wengine. Tatizo moja huwa mawili.
- Kufuta faili la kufuli. Faili la `postmaster.pid` huzuia seva mbili za PostgreSQL kutumia data zilezile. Likifutwa wakati seva ya kwanza bado inafanya kazi, data zinaweza kuharibika.
- Kufuta mafaili ya hifadhidata ili kupata nafasi. Mafaili ya saraka ya `pg_wal` yana mabadiliko ambayo huenda hayajaingizwa katika data kuu.
- Kulazimisha InnoDB ya MySQL kwa `innodb_force_recovery`. Thamani ya 4 na kuendelea inaweza kuharibu data moja kwa moja.

Kabla ya kujaribu kukarabati hifadhidata, saraka nzima ya data hunakiliwa mahali pengine huku seva ikiwa imezimwa.

## Kinga

Usanidi hukaguliwa kabla ya kuanzisha huduma upya, na nakala ya faili la zamani hutunzwa. Kwa OpenSSH tahadhari ni kubwa zaidi: msimamizi aliye mbali huacha dirisha aliloingilia likiwa wazi mpaka ahakikishe kwamba anaweza kuingia kwa dirisha jipya, kwa sababu seva hiyo isipoanza anaweza kufungiwa nje ya kompyuta yake. Nafasi ya diski hufuatiliwa kabla haijaisha. Pia ni vizuri kuwasha upya kompyuta yote katika muda uliopangwa, ili ijulikane mapema kama huduma zote zinaanza zenyewe bila kusubiri siku umeme utakapokatika.

## Tazama pia

- Linux
- Mfumo wa uendeshaji
- Seva
- Hifadhidata