Mbwa wa Shayzar: Fiqhi ya Uwindaji wa Ndege katika Kumbukumbu za Usama bin Munqidh

 

Kila tunapofikia mlango wa Swaid na Dhabaih, yaani uwindaji na uchinjaji, darsa huchangamka. Mwaka mmoja kijana wa kutoka bara alituambia kuwa babu yake ana mbwa anayewinda naye kwale, na kwamba yeye, tangu aanze kusoma, amekataa kula nyama hiyo na kumwambia mzee wazi kuwa ni haramu. Babu hakujibu neno. Tangu siku hiyo hawajala tena sahani moja. Je, amepatia? Siku ile tulimjibu kwa ufupi kuwa hakupatia, na kwamba akamtake radhi babu yake. Jawabu refu ndilo hili, na tumeona tulipitishe katika historia, kwa sababu watu wetu wa pwani wamelelewa kumkimbia mbwa hata wakadhani dini haimjui ila kwa kumfukuza.

Asili ya mas-ala ni aya ya nne ya Suratul Maida, ambamo Allah ametuhalalishia vile wanavyotukamatia wanyama wawindaji tuliowafunza. Neno lenyewe lililotumika kwa wafunzaji, mukallibina, limetokana na kalb, mbwa. Na aliyetusaidia zaidi kuifahamu hukumu hii ni Adiy bin Hatim, mtoto wa yule Hatim wa kabila la Tayyi aliyepigiwa mfano kwa ukarimu. Adiy alisilimu mwaka wa 9 Hijria naye ni mwindaji, akamuuliza Mtume (s.a.w.) maswali ya mtu anayeijua kazi yake. Katika riwaya zake zilizomo ndani ya Bukhari na Muslim tunapata haya: ukimtuma mbwa wako aliyefunzwa na ukalitaja jina la Allah, kula alichokukamatia. Akila yeye katika windo, usile, kwani huenda amejikamatia mwenyewe. Ukimkuta mbwa mwingine pamoja naye, usile, kwa kuwa wewe umemtajia Allah mbwa wako tu. Na ukimpiga mnyama kwa mshale kisha ukamkuta ameanguka majini, usile pia.

Sasa twende Sham. Usama bin Munqidh alizaliwa mwaka 488 Hijria (1095) katika ngome ya Shayzar, juu ya mto Asi, karibu na mji wa Hama, na akafa Damascus mwaka 584 (1188), zama za Salahuddin. Uzeeni aliandika Kitabul Iitibar, na sehemu ya mwisho ya kitabu hicho ameifanya ya uwindaji. Aliyemfunza ni baba yake, Murshid, mtu aliyeuacha utawala wa ngome kwa nduguye. Mchana akifunga, akisoma Qur'ani na kuwinda. Usiku akinakili Qur'ani kwa mkono wake, hata akaacha misahafu zaidi ya arubaini. Walipotoka kuwinda, Murshid akiwaamuru waliohifadhi watawanyike, kila mmoja asome peke yake mpaka wafike mawindoni. Tunalitaja hili kwa wale wanaodhani kuwa mtu wa mbwa na kozi lazima awe mtu wa upuuzi.

Shayzar ilikuwa na mawindo ya namna mbili: mlimani kwale wa mawe na sungura, mtoni, ndani ya matete, ndege wa majini na durraj, kwale mweusi wa mabondeni. (Jamaa yake durraj huyu, tadruj, yule ndege mwenye mkia mrefu wa nchi za Khurasan na Uajemi, Damiri amemtaja katika Hayatul Hayawan na hukumu yake ni halali.) Kozi peke yake hamtoshi ndege wa aina hii. Durraj akishajitupa kichakani, kozi hawezi kumfuata. Lazima aingie mbwa amtimue. Kwa kazi hiyo Murshid alikuwa na mbwa walioitwa zaghari, walioletwa kutoka nchi ya Rum wakazaliana hapo hapo ngomeni. Usama anasema kuwinda ndege kulikuwa katika maumbile yao, hawakuhitaji kusukumwa.

Anasimulia kuhusu kitoto jike cha mbwa hao kilichotoka siku moja nyuma ya mbwa wakubwa. Kozi alirushwa, durraj akajificha katika kichaka cha ukingo wa mto, mbwa wakaingizwa kumtimua, na kile kitoto kikabaki kimesimama ukingoni. Durraj aliporuka, nacho kiliruka nyuma yake hewani, kikaangukia katikati ya mto. Hakijapata kuwinda hata siku moja. Siku nyingine, mlimani, kwale aliingia katika kichaka kigumu na mbwa mmoja akamfuata. Akakawia, kisha kukasikika vurugu ndani. Murshid akasema humo mna mnyama mkali, na mbwa wetu ameshauawa. Baada ya kitambo mbwa akatoka akimburura bweha kwa miguu, amemuua mwenyewe. Yaonekana mzee Usama, aliyekwisha kuona vita vya Wafaranji na tetemeko la mwaka 552 (1157) lililowafukia jamaa zake Shayzar, bado anaikumbuka siku ile kwa furaha.

Mwanafunzi wa fiqhi asivipite visa hivi vivi hivi. Lau kile kitoto kingemshika durraj kikamuua, asingekuwa halali: hakijafunzwa, na wala hakikutumwa bali kimekwenda chenyewe. Lakini wangemkuta angali na uhai ulio thabiti wakamchinja, basi ni halali bila shaka. Na pale ambapo mbwa anatimua tu na kozi ndiye anayekamata, masharti yanaangaliwa kwa kozi: awe amefunzwa, na awe ametumwa na mtu ambaye kichinjo chake ni halali. Kutaja jina la Allah wakati wa kutuma ni sunna kwetu Mashafi, na ni wajibu kwa wengi wasiokuwa sisi. Basi asilisahau mtu. Kuhusu mbwa kuhesabika kuwa amefunzwa, wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad, wamesema ni mpaka aache kula mara tatu. Sisi tunawarejea wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Limebaki jino la mbwa, na hapa ndipo kijana wetu alipokwama. Imam Malik anaona mbwa ni twahara, na moja ya hoja zake ni kuwa aya imeamrisha kula na haikutaja kuosha. Mashafi wanamuona ni najisi nzito, kwa Hadithi ya kuosha chombo alichokilamba mara saba, moja kwa udongo. Lakini hawakuiharamisha nyama! Nawawi (aliyefariki 676/1277), naye ni mtu wa Sham, amelieleza waziwazi katika Minhaj: mahali palipoumwa ni najisi isiyosamehewa, ila kuosha kwa maji na udongo kunatosha, na hapana haja ya kupakata na kupatupa. Kijana alikuwa na Minhaj mkobani. Alisoma mlango wa najisi, akaizidishia hukumu mpaka ikafika kwenye sufuria ya babu.

Wala kumfuga kwenyewe si kosa. Aliyepungukiwa thawabu kila siku katika Hadithi ni mwenye kufuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda, wa mifugo au wa shamba. Kupita kiasi ni jambo jingine. Usama anataja kozi wa baba yake, Yahshur, ambaye alipokufa mtawala wa Hama alimfanyia jeneza na wasomaji wa Qur'ani. Hilo hatulitolei udhuru.

Kijana alirudi likizo na kuturejea na salamu za mzee, pamoja na swali: je, udongo wa kichuguu unafaa? Tukamjibu kuwa unafaa, maadamu ni twahara, na aukoroge na maji katika osho la kwanza. Wallahu aalam.