Boriti, Chokaa na Kazi Iliyo Chini ya Vigae

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja na kutazama juu, utaona safu ya boriti za mikoko zimelazwa toka ukuta hadi ukuta. Shina la mkoko ni nene kitakoni na jembamba nchani, na aghalabu lina kipindo chake. Zikilazwa boriti ishirini pamoja, mgongo wa safu hiyo hauwezi kuwa sawa hata fundi akichagua vipi. Lakini orofani watu walitandika mikeka, walipanga vitanda na waliteka maji ya kuogea juu ya uso ulionyooka. Kati ya boriti na uso huo lipo tabaka nene ambalo wasifiaji wa nyumba hizi hulipita. Milango ya nakshi imeandikiwa vitabu, zidaka za plasta zimepigwa picha, ila tabaka hili limebaki bila msemaji. Nashikilia kwamba hilo ndilo lililokuwa sakafu yenyewe, na kwamba maradhi mengi ya sakafu za vigae tunazozijua leo yalianza siku ujenzi ulipolishusha cheo likawa maandalizi ya kitu kingine.

Lilijengwaje? Vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi mita 3 hivi, kwa kuwa boriti haiaminiki zaidi ya hapo. Juu ya boriti vilipangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha kokoto za matumbawe zilizochanganywa na chokaa, tabaka juu ya tabaka, penye bonde pakiongezwa na penye kilima pakipunguzwa. Chokaa ilitoka kwenye tanuu: magogo yalipangwa, matumbawe yakawekwa juu, yakachomwa, na kilichobaki kikaachwa kinywe maji na kupoa kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Halafu ikaja kazi kubwa kuliko zote, kupiga. Kundi la watu lilishika vipande, yaani vipigio vya mti, likapiga sakafu siku baada ya siku kwa kufuata mapigo ya nyimbo. Kila pigo lilisukuma kokoto ndani ya mwanya uliobaki na kutoa maji na hewa. Chokaa inapokauka husinyaa na kupasuka. Ufa uliotokea usiku ulifungwa kwa mapigo ya kesho yake. Kushindilia, kusawazisha na kumalizia vilikuwa kazi moja, na uso uliokanyagwa ulikuwa chokaa laini iliyoshikana na yote yaliyo chini yake.

Mtu anaweza kusema mfano huu hauhusu vigae, maana mafundi wa mwambao hawakuwa na kitu cha kubandika juu. Basi na tuwatazame Warumi, waliobandika mawe na vigae kwa wingi. Vitruvius, mwandishi wa ujenzi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, anaanza kitabu chake cha saba kwa sakafu, na karibu yote anayosema yanahusu kisichoonekana. Ardhi ipimwe kama ni ngumu kote. Ikiwa ni ya kujaza, ishindiliwe kwa bidii. Orofani, ukuta wa chini usifike hadi kugusa sakafu, kwa sababu mbao zikikauka zitabonyea pande zote huku ukuta ukibaki palepale, na ufa utatokea juu yake. Juu ya mbao yatandazwe majani makavu ili chokaa isiziharibu. Kisha mawe yasiyopungua ukubwa wa kujaza kiganja, kisha kokoto na chokaa, sehemu tatu kwa moja, ipigwe kwa magongo na makundi ya watu kumikumi hadi ibaki unene usiopungua robo tatu ya futi ya Kirumi, kama sentimita 22. Juu yake tena vigae vilivyopondwa na chokaa, kama sentimita 11. Hapo ndipo mawe ya mapambo yanapangwa kwa rula na kipimo cha usawa. Zaidi ya sentimita 30 za kazi chini ya uso mwembamba: Warumi walijua kwamba kigae hakina nguvu yake, hukopa nguvu ya kilichokibeba.

Pingamizi zito kuliko hilo ni la haki. Siku zile nyingi za kupiga zilitoka wapi? Katika Unguja ya karne ya 19, wengi walioshika vipande walikuwa watumwa, na nyimbo zilizowapendeza wageni zilitoka vinywani mwa watu wasiolipwa. Atakayesifu ubora wa sakafu za kale bila kulitaja hili anasifu jasho lililoibwa. Nakubali kabisa, na kwa sababu hiyo sitamani utaratibu ule urudi. Ila dhulma ile inatueleza ni nani aliyebeba gharama. Haifuti ukweli kwamba gharama yenyewe ilikuwepo, na ipo hadi leo. Boriti zilizopinda zilihitaji kazi ile hata kama mpigaji angelipwa ujira mnono. Lililopaswa kubadilika lilikuwa malipo. Badala yake, kazi yenyewe ndiyo iliyokatwa.

Saruji ndiyo iliyowezesha kuikata. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kilianza uzalishaji mwaka 1954, cha Wazo Hill Dar es Salaam mwaka 1966, na mfuko wa saruji ukawa jibu la kila sakafu. Sidharau jibu hilo. Jamvi la zege lililomwagwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa vizuri ni imara, hukauka haraka, na limewapa watu wa kipato cha chini sakafu safi isiyo na vumbi. Shida huanza linapobebeshwa kazi lisiyoiweza. Katika nyumba ya kale sakafu imebonyea katikati. Mwenye nyumba anataka vigae. Fundi anamwaga saruji na mchanga kujaza bonde. Sentimita 5 tu za mchanganyiko huo huongeza karibu kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 6 kimebeba tani 1.8 zaidi, juu ya boriti ambazo kubonyea kwake ndiko kulikoleta bonde. Zitabonyea tena. Chokaa ingeustahimili kidogo mwendo huo. Saruji haikubali, hupasuka, na ufa hupanda moja kwa moja hadi kwenye kigae. Sakafu za chini nazo zina lao: unyevu wa ardhini uliokuwa ukitoka taratibu kupitia chokaa hufungiwa na saruji na vigae, ukahamia ukutani pamoja na chumvi yake na kuibanja plasta.

Wapo wanaojibu kwamba siku hizi kuna gundi za vigae, na kwamba fundi hodari husawazisha kwa kuongeza gundi penye bonde. Hata viwango vya nchi zilizozitengeneza gundi hizo vinakataa. Marekani, sakafu ya kuwekwa vigae vikubwa hairuhusiwi kupotoka zaidi ya milimita 3 hivi katika urefu wa mita 3, na hilo ni sharti la kabla ya gundi kupakwa. Sababu ni ileile waliyoishughulikia wapigaji wa chokaa: tabaka nene hapa na jembamba pale halisinyai sawasawa. Mahali penye gundi nene panavutika zaidi, kigae kinaachia, na ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia tupu.

Kwa nini basi kosa linaendelea, wakati mafundi wengi wanalijua? Kwa maoni yangu chanzo ni namna ya kulipana. Kazi ya vigae hupatanwa kwa mita ya mraba ya vigae vilivyolazwa. Mwenye nyumba hutumia siku nzima dukani akichagua rangi ya marumaru, kisha hudhani kilicho chini yake ni bure. Fundi anayesimamisha kazi siku mbili ili anyooshe kamba, apime kwa pimamaji, abomoe palipoinuka na kusubiri tabaka la kusawazisha likauke, amezifanya siku hizo kwa hasara yake, na atakayefuata atakuwa mwenye bei ndogo kuliko yeye. Kusawazisha kuandikwe katika makubaliano kama kazi inayojitegemea, yenye bei na siku zake, ikaguliwe na kulipwa kabla boksi la kwanza la vigae halijafunguliwa. Na kwa nyumba za boriti, bei hiyo ijumuishe kufukua kifusi cha zamani, kukagua kila boriti, hasa ncha zilizozikwa ukutani ambako unyevu na mchwa huanzia, na kujaza upya kwa chokaa na matumbawe mepesi yasiyozidi uzito wa yale yaliyotolewa.