Uopoaji wa Vyombo vya Utafiti Chini ya Barafu

Uopoaji wa vyombo vya utafiti chini ya barafu ni kazi ya kuvitoa majini vyombo vilivyotiwa ili kupima joto, chumvi na mikondo, mahali ambapo uso wa maji umekwisha kuganda. Ni kazi ya nchi za ncha za dunia, wala haikupata kuhitajiwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki, ambako bahari haigandi abadan.

Asili ya ugumu wake

Maji ya bahari huganda joto likishuka kufikia takriban nyuzi 1.8 chini ya sifuri, na barafu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea ikawa dari. Dari hiyo huziba njia ya kupanda, na maji yenyewe huziba habari, maana mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi isipokuwa kwa kadiri ndogo mno. Basi chombo kilichoko chini hakina lugha ila sauti, ambayo husafiri baharini kwa mwendo upatao mita 1,500 kwa sekunde.

Njia za kuopoa

Njia iliyozoeleka ni ya kamba na nanga. Ala hufungwa kwenye kamba ndefu iliyosimama wima, chini ina nanga nzito na juu ina maboya yaliyozama, yasije yakakwaruzwa na barafu ipitayo. Baada ya mwaka au zaidi meli ya kuvunja barafu hurejea, ikapeleka ishara ya sauti kwa kufuli lililo juu kidogo ya nanga. Kufuli likifunguka, maboya hupanda pamoja na ala zote, na nanga huachwa. Hatari iliyo kubwa ni maboya kuibukia chini ya bamba la barafu, na kwa hiyo nahodha mwenye busara huvunja barafu kwanza ndipo ishara ipelekwe. Katika Bahari ya Beaufort, kaskazini ya Kanada na Alaska, taasisi ya Woods Hole ya Marekani imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 2003, ikisaidiwa na meli ya Kanada iitwayo Louis S. St-Laurent.

Karibu na Ncha ya Kaskazini, penye kina kinachopita mita 4,000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikwenda kwa ndege zinazotua juu ya barafu yenyewe, wakatoboa matundu, na wapiga mbizi wakashuka kuzifuata kamba zao: ushujaa ambao ni nadra kuonekana katika elimu hizi.

Tangu mwaka 2004 Woods Hole hutumia pia ala zinazoning'inizwa chini ya bamba la barafu, zikituma habari kwa setilaiti, wala hazikusudiwi kurejeshwa. Njia hii ni ya werevu, ingawa haikosi ubadhirifu.

Vyombo vilivyopotea

Nyambizi zisizo na watu ndizo zilizo na msiba mkubwa zaidi, kwa kuwa hazifungwi kamba. Autosub2 ya Southampton, Uingereza, baada ya kufaulu katika safari ya kwanza chini ya rafu ya barafu ya Fimbul, Antaktika, ilinasa humo katika safari ya pili, Februari 2005, isitoke tena. Mrithi wake, Autosub3, aliingia chini ya barafu ya Pine Island, huko huko Antaktika, mnamo Januari 2009 akarudi salama. Nyambizi Ran ya Chuo Kikuu cha Gothenburg, Uswidi, mwaka 2022 ilikwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa muda wa siku 27 chini ya rafu ya Dotson, nayo ya Antaktika, ikafikia kilomita 17 ndani, na ramani iliyoleta ya upande wa chini wa barafu ilikuwa ya ajabu. Iliporudishwa huko Januari 2024 haikufika mahali pa miadi. Ikatafutwa kwa vyombo vya sauti, helikopta na droni, isionekane.

Tanzania

Barafu ya nchi hii ni ya Kilimanjaro, nayo iko juu ya ardhi, si juu ya bahari. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State alitoboa na kutoa nguzo sita za barafu, na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts akasimika kituo cha hali ya hewa kileleni. Huko adui ni myeyuko: barafu ya kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki 2.6 hivi mwaka 2000.

Paje na pwani ya Unguja

Huku mambo ni kinyume cha yale ya chini ya barafu. Maji ya bamvua yakipwa, pwani ya Paje, kisiwani Unguja, hubaki wazi hadi karibu na mwamba, na ala iliyofungwa kwenye vigingi, kama wakulima wa mwani walivyofunga kamba zao tangu mwaka 1989, hufuatwa kwa miguu. Kinachohofiwa ni nyavu, mawimbi ya kusi na chaza wanaoganda juu yake. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo yenye kushughulika na utafiti wa bahari hii. Nyambizi za kupita chini ya barafu hazimo katika haja zake.