Kulabu: Jina la Kiswahili kwa Ngumi Iitwayo Gancho

Gancho ni neno la Kihispania linalotaja chuma kilichopinda cha kunasia au kutundikia. Katika ndondi, neno hilohilo hutaja ngumi inayorushwa mkono ukiwa umekunjwa kwenye kiwiko, ikazunguka kutoka ubavuni na kumpata mpinzani kwenye taya au mbavu. Makala haya yanapendekeza tuiite kulabu. Pendekezo hili linamhusu kijana wa Msimbati au Mikindani, kusini mwa pwani ya Tanzania, anayetaka kujifunza Kihispania kupitia mchezo anaoupenda, na linamhusu vilevile mwalimu wa ngumi anayefundisha kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni, lakini akifika kwenye ngumi hii hulazimika kukopa Kiingereza.

Kihispania kina uzito mkubwa katika mchezo huu. Baraza la Ndondi Duniani, WBC, lilianzishwa Mexico City mwaka 1963, na makao yake yako hukohuko. Shirika la Ndondi Duniani, WBO, lilizaliwa Puerto Rico mwaka 1988. Chama cha Ndondi Duniani, WBA, kimeongozwa na marais wa asili ya Venezuela tangu mwaka 1982. Katika ndondi za ridhaa, Cuba imewatoa Teófilo Stevenson na Félix Savón, kila mmoja na medali tatu za dhahabu za Olimpiki katika uzito wa juu: Stevenson miaka ya 1972, 1976 na 1980, Savón miaka ya 1992, 1996 na 2000. Bondia wa Tanzania anayeutamani mkanda wa dunia atakutana na Kihispania kwenye mikutano ya wanahabari, kwenye mikanda ya video ya mabingwa, na mara nyingi kwenye kona ya mpinzani wake.

Mtu wa ukanda huo wa Ghuba ya Mnazi ana njia fupi ya kuifikia lugha hiyo. Akisimama Kilambo anatazama Msumbiji ng'ambo ya Mto Ruvuma, na lugha rasmi ya huko ni Kireno, ndugu wa karibu wa Kihispania. Kireno kiliacha maneno katika pwani yetu karne nyingi zilizopita, nasi tumeyatumia hadi tukasahau kwamba ni ya wageni. Meza ni mesa kwa Kireno na kwa Kihispania. Bendera ni bandeira kwa Mreno na bandera kwa Mhispania. Mvinyo umetokana na vinho, na Mhispania husema vino. Hata msamiati wa ulingoni unavuka mpaka huo: Alcinda Panguana wa Msumbiji, aliyetwaa medali ya fedha katika mashindano ya dunia ya wanawake huko Istanbul mwaka 2022, anatoka katika nchi ambayo lugha yake rasmi nayo ina neno gancho.

Hata hivyo udugu huu una mitego. Pera kwa Mhispania si lile pera letu la mpera. Ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi. Gancho lenyewe linahitaji uangalifu. Wabrazil wengi, ambao nao husema Kireno, huita ngumi ya kuzunguka ubavuni cruzado, na gancho kwao ni ile inayotoka chini kupanda kidevuni. Kwa Wameksiko, gancho ni ya ubavuni, na cruzado ni ngumi iliyonyooka inayokatisha mbele ya mwili. Anayejifunza kwa kutazama mapambano ajue kwanza mtangazaji anayemsikiliza ni wa lugha ipi.

Kulitamka neno lenyewe si kazi. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na husikika karibu sawa na zetu. Herufi ch husomwa kama ch ya Kiswahili. Katika maneno yanayoishia kwa irabu, n au s, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyosema sisi, isipokuwa pale alama juu ya irabu inapouhamisha: árbitro, yaani mwamuzi, hukazwa mwanzoni, na cinturón, yaani mkanda, hukazwa mwishoni. Herufi ñ ni ny yetu, kwa hiyo puño, ngumi, husomwa punyo. Herufi h ikiwa peke yake haitamkwi kabisa. Herufi c mbele ya a, na qu, husomwa k, na z kwa Mmeksiko husomwa s. Kwa kanuni hizi chache Mswahili anaweza kusoma kwa sauti campana, isomwayo kampana, nayo ni kengele ya kuanza pambano. Anaweza kusoma asalto, ambayo ni raundi. Esquina, ambayo ni kona. Na zurdo, ambaye ni bondia wa mashoto.

Sasa tuitazame ngumi yenyewe, kwa maana istilahi njema huanza na kukifahamu kitu. Katika gancho kiwiko hukunjwa kiasi cha pembe mraba na hubaki hivyo mpaka ngumi ifike. Mkono haujitupi wenyewe. Nguvu huanzia kwenye unyayo unaojipinda sakafuni, ikapanda kwenye nyonga, kiuno na bega, na mkono ukabebwa na mzunguko huo wa mwili. Wanaoanza hukosea hapo: hunyoosha kiwiko wakitaka kufika mbali, ngumi ikageuka kofi refu lisilo na uzito, na uso wao ukabaki wazi. Mwalimu anayesema "kunja, kisha zunguka" amekwisha fundisha nusu ya ngumi hii.

Kuna majina manne yanayoweza kushindana. La kwanza ni kulikopa neno la Kiingereza, hook, na kuliandika kwa sauti zetu, jambo ambalo mazoezini wengi hulifanya kwa mdomo. Tukiliandika kwa Kiswahili tunapata huku, na huku tayari ina maana yake: upande huu. Mwalimu akipaza sauti kutoka kona, "Mpige huku!", bondia hatajua kama ameagizwa aina ya ngumi au ameonyeshwa mahali pa kupiga. Istilahi inayoleta utata katikati ya raundi haifai, hata kama imezoeleka.

La pili ni ndoana, na watu wa pwani hii wangeliwazia upesi kwa kuwa wengi wanaishi kwa uvuvi. Lakini Kihispania kinatofautisha. Ndoana ya samaki ni anzuelo, na anayedanganywa husemwa kwamba ameuma anzuelo. Ndoana hufanya kazi kwa chambo na hila. Samaki huifuata na kuimeza mwenyewe. Gancho haimezwi. Hutoka nje na kukumba ubavu.

La tatu ni kuitaja kwa kiungo, tukasema ngumi ya kiwiko. Hilo ni hatari, kwa sababu kumpiga mpinzani kwa kiwiko ni rafu, na jina la ngumi halali halipaswi kufanana na jina la kosa.

La nne ni kulabu, chuma kilichopinda ambacho wachinjaji hutundikia nyama na mabaharia hunasia vitu. Hiki ndicho kitu kilekile Mhispania anachokiita gancho. Jina hili lina faida zaidi ya umbo. Kulabu ya winchi bandarini haina nguvu yake yenyewe. Imepinda na kukaa imara, na mtambo na kamba vilivyo nyuma yake ndivyo vinavyouhamisha mzigo. Mkono wa bondia uko hivyo hivyo: umekunjwa na kukazwa, na mwili ndio unaoupeleka. Jina linabeba fundisho la ngumi, na mwanafunzi akilielewa jina ameelewa kwa nini asinyooshe kiwiko.

Njia hii ya kutafsiri jina la kitu si ngeni kwetu. Mhispania anapotaja madaraja ya uzito hupenda vitu vinavyoonekana: peso pluma ni uzito wa unyoya, peso mosca ni uzito wa inzi, peso gallo ni uzito wa jogoo. Nasi tulipolipata daraja la unyoya tulilitafsiri, na leo hakuna anayelionea ugeni. Peso gallo tukaliacha kama lilivyotujia kutoka Kiingereza, bantamu, jina lililotokana na kuku wadogo walioitwa kwa jina la mji wa Java. Michael Yombayomba aliiletea Tanzania dhahabu katika daraja hilo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Kuala Lumpur mwaka 1998. Unyoya unaonyesha kwamba tunaweza kutafsiri. Bantamu inaonyesha kwamba mara nyingine hatukujaribu.

Jaribio la istilahi ni kuitumia pamoja na maneno mengine. Ngumi maarufu kuliko zote katika mtindo wa Kimeksiko, iliyopewa sifa kubwa na Julio César Chávez, bingwa wa dunia katika madaraja matatu, ni gancho al hígado. Hígado ni ini. Kwa Kiswahili ni kulabu ya ini. Ini limekaa upande wa kulia chini ya mbavu, ndiyo maana ngumi hii hupigwa kwa mkono wa kushoto wa bondia anayemkabili mpinzani wake. Anayepigwa vizuri hapo huwa na fahamu zake zote. Anamsikia mwamuzi akihesabu, anataka kuinuka, na mwili unakataa kwa maumivu na pumzi iliyokatika. Gancho de izquierda ni kulabu ya kushoto, na gancho de derecha ni kulabu ya kulia. Gancho ascendente, inayotoka chini kwenda kidevuni, inakuwa kulabu ya kupanda.

Kisarufi neno halina usumbufu. Liko katika ngeli ya I-ZI, halibadiliki katika wingi, na linafuata vitenzi tulivyovizoea. "Amemtia kulabu ya mbavu." "Kulabu mbili mfululizo zimemrudisha kwenye kamba." "Ameikwepa kulabu akajibu kwa ngumi iliyonyooka." Mtangazaji wa redio anaweza kuzisema sentensi hizi kwa kasi ya pambano bila kukwama, na msikilizaji ambaye hajawahi kuona ulingo atapata picha.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, lina kazi ya kusanifu istilahi, lakini istilahi za michezo huishi kwanza midomoni mwa walimu, waamuzi na watangazaji. Kwa hiyo ninawaomba hao waanze. Mwalimu aandike kwenye ubao wake kulabu, na pembeni yake gancho. Mwanafunzi atakuwa amepata ngumi moja, majina mawili na lugha mbili kwa somo moja, na siku akisikia gancho kwenye kona ya mpinzani atajua ngumi ipi inakuja na mkono upi aupandishe.