Shamba la Nabothi na Kura ya Mnyonge

Somo letu la leo ni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu.

Ahabu tunamjua kwa tamaa yake. Lakini angalieni jinsi shamba lilivyochukuliwa. Hakikutumwa kikosi cha askari. Yezebeli aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Wazee wa mji wakaketi, mashahidi wa uongo wakasimama, hukumu ikatolewa. Nabothi aliuawa kwa utaratibu wa sheria. Mwenye mali akiushika na muhuri pia, mnyonge atamshitakia nani?

Sisi wa Kericho na Bomet hatuna haja ya kwenda Yezreeli kulijua jambo hili. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwakodisha masetla ardhi kwa miaka 999. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yapata ekari 25,000 karibu na Kericho zilitengewa maafisa Waingereza walioumia vitani, walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa. Je, ardhi ilirudi kwa Wakipsigis? La. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za Brooke Bond na James Finlay zilikuja, na vilima vyetu vikageuka mashamba ya chai.

Sasa tuulize, ni nani waliotunga sheria siku zile? Mwaka 1920 Wazungu walichagua wajumbe wao 11 katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika hakuwa na kura wala kiti. Mwaka 1924 mmishenari, Dakta John Arthur, aliteuliwa kuwasemea Waafrika. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia Barazani mwaka 1944. Katikati ya miaka hiyo 20, yaani mwaka 1934, ilitungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wapatao 700, kutoka nchi ya Wakipsigis mpaka Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Hata hapo barua ilikuwa na muhuri.

Waafrika walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, Machi 1957, kura zenyewe zilipimwa. Walitazama elimu ya mtu, mapato yake, mali yake na utumishi wake. Mmoja aliweza kupewa kura tatu, jirani yake moja, na mwingine asipate hata moja. Tulipopata Uhuru mwaka 1963, mizani hiyo ilikuwa imekwisha kutupwa. Mtu mmoja, kura moja: mchuma chai na tajiri wakawa sawa mbele ya sanduku.

Ndugu zangu, kura hiyo si kitu kidogo. Mwaka 2010 Wakenya walipitisha Katiba mpya, na Katiba hiyo ikasema kwamba asiye raia hawezi kukodi ardhi zaidi ya miaka 99. Wengi wa huku kwetu, na viongozi wengi wa makanisa, waliipinga Katiba ile kwa sababu nyingine. Hata hivyo, ile miaka 999 iliyoandikwa bila kuulizwa mwananchi ilipunguzwa na karatasi za wananchi wa kawaida.

Sisemi kwamba mali ni dhambi. Wengi wetu tumesomeshwa kwa mshahara wa chai, na tumetibiwa katika hospitali za kampuni. Ninachosema ni kwamba mali haitosheki kukaa shambani na dukani. Hutaka kuketi Barazani pia, na mlango mmoja ukifungwa hutafuta mwingine. Mwaka 2013 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha fedha za kampeni. Chaguzi za 2017 na 2022 zikafanyika bila kikomo hicho kutumika. Hata katika viwanda vya chai vya wakulima wadogo watu wamebishana: mkurugenzi achaguliwe kwa hesabu ya vichwa au kwa hesabu ya hisa?

Basi mgombea akikuletea unga, leso na noti, jiulize mambo mawili. Fedha hizo atazirudisha kutoka wapi? Na kama alipewa na tajiri mwingine, siku ya kutunga sheria atamsikiliza nani, wewe au yule aliyemlipia? Ukipokea noti ile, umeirudisha mizani ya 1957 kwa mkono wako mwenyewe.

Katika habari za Nabothi, wazee wa mji hunisumbua zaidi kuliko Yezebeli. Yeye aliandika tu. Barua zile zingekuwa karatasi bure kama wazee wangekataa. Walimjua Nabothi, walikuwa majirani zake, nao wakatii. Leo barua hizo hutufikia sisi, katika soko, katika kituo cha kupimia majani chai, hata katika uwanja wa kanisa. Jibu letu ndilo litakaloamua kama Nabothi ataishi.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde wanyonge wa nchi yetu, uwape watawala haki, na utupe sisi moyo usionunuliwa. Amina.