Kristo Pekee, au Kristo na Orodha?

Somo: Wagalatia 2:1–21; Matendo ya Mitume 15:1–11

Leo tujiulize swali ambalo Kanisa limejiuliza tangu mwanzo. Je, mtu huokolewa kwa kumwamini Kristo, au kwa kumwamini Kristo na kushika sheria fulani juu yake? Tutatafuta jibu katika Maandiko, kisha tutatazama historia ya nchi yetu wenyewe, maana swali hili limepita katika mashamba yetu na kuacha nyayo.

Tuanze Antiokia. Petro alikuwa akila meza moja na waumini wa mataifa, watu wasiotahiriwa. Kisha wakaja watu kutoka Yerusalemu, na Petro akaogopa, akajitenga. Paulo alimpinga waziwazi mbele ya wote. Je, lilikuwa jambo la chakula tu? La, hasha! Petro alipoiacha ile meza, alikuwa akihubiri bila kusema neno. Kitendo chake kiliwaambia wale ndugu kwamba bado wamepungukiwa, kwamba Kristo hakuwatosha.

Wewe msikilizaji wa Bungoma unaweza kuielewa habari hii kuliko wengi walioisoma katika nchi za mbali. Kwako tohara si jambo la vitabuni. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ifikapo Agosti, njuga na nyimbo za watahiriwa husikika usiku kucha. Mbukusu hutahiri. Jirani yake Mteso wa Malakisi, kwa desturi ya wazee wake, hatahiri, wala Mturkana aliyehamia Kitale. Sasa fikiri watu hawa watatu wameketi katika kanisa moja, nao wazee wa kanisa wanatafuta mtu wa kusimamia ibada. Kama yupo anayenong'ona, "Yule si mwanamume kamili, hawezi kutuongoza," basi Antiokia imefika kwetu.

Mnamo mwaka 49 hivi mitume na wazee walikutana Yerusalemu kuamua jambo hilo. Petro, yule yule, alisimama akauliza kwa nini wawatwishe wanafunzi nira ambayo baba zao wala wao wenyewe hawakuweza kuibeba. Lakini angalieni pia jinsi Paulo alivyotenda. Tito, aliyekuwa Myunani, hakulazimishwa kutahiriwa. Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri kabla ya kufuatana naye katika safari. Je, Paulo alijipinga? Hapana. Kwa Timotheo tohara ilikuwa njia ya kuwafikia Wayahudi. Kwa Tito walitaka kuifanya sharti la kukubaliwa na Mungu, na hapo Paulo hakukubali hata kwa saa moja. Tendo lilikuwa moja, lakini lilipofanywa bei ya wokovu liligeuka kuwa jambo jingine kabisa.

Basi tuje kwetu. Mwaka 1902 Waamerika watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na kuanzisha misheni ya Marafiki, wale tunaowaita Wakweka. Kutoka huko kazi ilienea hadi Lugulu na nchi yote ya Wabukusu, ikaleta shule, hospitali na Neno la Mungu. Hatuwezi kuwasahau.

Tena kuna jambo la kushangaza katika historia ya Marafiki. Mwanzilishi wao, George Fox, alihubiri Uingereza katika karne ya 17 kwamba ibada za nje haziwezi kumwokoa mtu, bali Kristo mwenyewe anayesema ndani ya moyo. Kwa ajili hiyo Marafiki hawabatizi kwa maji, wala hawana meza ya mkate na divai. Walihofu watu wasije wakashika alama na kuacha kitu chenyewe. Lakini kanisa lisilo na maji ya ubatizo mlangoni laweza kuweka kitu kingine mlangoni. Katika misheni zetu, za Marafiki na za wengine pia, kiliwekwa hiki: usinywe pombe, usivute tumbako, uwe na mke mmoja. Hayo ni mafundisho mema, nami siyapingi. Lakini mwanakijiji aliyesimama nje, akiulizwa Mkristo ni nani, mara nyingi alijibu kwa kutaja orodha hiyo, na jina la Yesu halikutajwa.

Katika Kimilili alikuwako kijana wa Kibukusu aliyeitwa Elijah Masinde, mwanafunzi wa Marafiki na mchezaji hodari wa kandanda. Katika miaka ya 1930 alioa mke wa pili, akaondolewa katika ushirika. Katika miaka ya 1940 tunamwona akiwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, jina linalotokana na misambwa, yaani roho za wahenga na desturi zao. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, na watu 11 wakafa. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini hiyo, naye Masinde akapelekwa kizuizini mbali na kwao, hata Lamu. Alifariki mwaka 1987.

Sisemi kwamba yote yalitokana na kuondolewa kwake kanisani. Kulikuwa na ardhi iliyochukuliwa, kodi, kazi za lazima na kipande. Wengi walimheshimu kwa kuwa alikataa kudhulumiwa, na heshima hiyo ni haki yake. Lakini sisi watu wa Kanisa tuna swali letu la kujibu. Watu walioyasikia mahubiri yetu kwa miaka mingi, iliwezekanaje wengi wao waone kwamba Ukristo ni sheria za Wazungu, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye sheria za wahenga? Sadaka kwa wahenga zilirudi, na mambo ya kutimiza yakarudi. Walitua nira moja wakajitwika nyingine. Na labda hawakuwa wamesikia wazi kwamba kuna Mmoja ambaye nira yake ni laini.

Nimetaja kipande. Wazee wanakikumbuka. Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba ya walowezi kule Trans Nzoia alivaa shingoni kibweta cha chuma chenye karatasi yake ndani. Popote aliposimamishwa ilimpasa akionyeshe, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Ndugu yangu, wengi wetu tunamwendea Mungu hivyo hivyo. Tunafika katika maombi tumeshika kibweta: "Bwana, sinywi, sivuti, natoa zaka, sikosi ibada." Lakini Paulo asema katika Wagalatia sura ya 4 kwamba sisi si watumwa tena, bali wana. Ni mwana gani anayeulizwa kipande na baba yake jioni arudipo nyumbani?

Huenda mtu akasema, "Hayo yalikuwa makosa ya wamisionari." Hebu tungoje kidogo. Mwaka 1937 ndugu wa Uamsho kutoka Ruanda na Uganda walifika Kabete, na mwaka uliofuata wakafika Maseno. Walihubiri damu ya Yesu na toba ya wazi, na mkutano mkubwa wa Kabale mwaka 1945 ulikuwa na neno kuu moja: Yesu anatosha. Wengi walipata uhai, na ukabila ukayeyuka mbele ya msalaba. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndugu hao hao waligawanyika. Kundi lililoanzia Kigezi, walioitwa Bazukufu, lilishikilia kanuni kali zaidi, kama vile mtu aliyeokoka asikope pesa. Hao walikuwa Waafrika wenzetu, tena wenye moto wa Roho. Basi tusimnyoshee mtu kidole. Orodha huota kama magugu katika shamba lolote, hata lile lililolimwa vizuri.

Sasa tazameni gharama yake. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, Uingereza, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Basi aliyetaka ubatizo aliwafukuza wake wengine, akabaki na mmoja. Ni nani aliyelipa bei ya ubatizo wake? Ni yule mwanamke aliyeolewa kwa mahari halali na kuzaa watoto, ambaye sasa alibeba mzigo wake kichwani na kurudi kwa kaka zake. Mwanamume aliimba kanisani, na mwanamke akalala njaa. Ilipita miaka 100. Mwaka 1988, katika Mkutano wa Lambeth, maaskofu waliamua kwamba mtu wa namna hiyo akiamini Injili aweza kupokewa pamoja na wake zake na watoto wake, kanisa la mahali pake likikubali, naye akiahidi kutooa tena wakati wake zake wangali hai. Askofu David Gitari wa Kenya alikuwa miongoni mwa waliotetea uamuzi huo. Fundisho la mke mmoja halikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwenye dhambi hakutakiwa tena kumvunja mtu mwingine ili apate kumkaribia Mwokozi.

Je, basi, tutende dhambi kwa kuwa tumeokolewa kwa neema? Hasha. Wakulima wa Kitale, ninyi mnajua mahindi. Mtu aweza kuchukua bua lililokauka akalifunga hindi kwa kamba, na mpita njia akasifu shamba. Lakini hindi lile halikutoka katika bua, wala halitaongezeka hata punje moja. Bua lililo hai halihitaji kamba. Lina mizizi, linapata mvua, na hindi hutokea kwa wakati wake. Matendo mema ni hindi, na imani ndiyo mizizi. Asiye na hindi kabisa na achunguze mizizi yake, kama Yakobo anavyotuonya. Lakini asitafute kamba.

Wiki hii nawaomba mfanye jambo moja. Yuko mtu karibu nawe ambaye amekaa nje ya kanisa miaka mingi kwa sababu ya orodha. Labda ni mke wa pili anayeketi kiti cha nyuma kabisa. Labda ni mlevi aliyeambiwa aache kwanza, ndipo aje. Mwendee. Usimwambie kwamba dhambi si kitu, maana hiyo si kweli. Mwambie kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake angali katika hali hiyo, na kwamba yeye aje kwanza, na mengine Bwana atayatenda akiwa amekwisha kuingia.

Tuombe. Ee Baba, tusamehe kwa kuwa tumesimama mlangoni pako tukidai vipande ambavyo wewe hukuagiza. Tupe mizizi ndani ya Mwanao, nasi tutazaa. Katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.